Jerry Orbach wa Law & Order: kumbe alikuwa muimbaji mkubwa wa Broadway! Ilikuwaje akaishia kuwa polisi wa kwenye TV?

#1 Mpenda_Tamthilia
Wakuu habari zenu. Wale wa Law & Order ya zamani, ile tamthilia ya TV ya Marekani ya polisi na mahakama, mnamkumbuka Lennie Briscoe? Yule mpelelezi mrefu, macho ya usingizi, koti refu, anasimama juu ya maiti anatupa neno moja kali halafu ndiyo muziki wa kufungulia unaingia. Aliyemcheza ni Jerry Orbach, alifariki tarehe 28 Desemba 2004 akiwa na miaka 69.

Sasa wiki hii nimepata albamu ya tamthilia ya muziki ya The Fantasticks, ile ya waigizaji wa kwanza wa 1960, nikaiweka tu nipate kitu cha kusikiliza nikiwa jikoni. Mwanaume anaanza kuimba, sauti nzito lakini hailazimishi, unaona kabisa anakuimbia wewe peke yako. Naangalia jina, Jerry Orbach! Nikazima jiko nikaanza kuchimba. Kumbe huyu mzee ni The Fantasticks 1960, Carnival! 1961, Promises, Promises 1968, Chicago 1975, 42nd Street 1980. Zote hizo yeye ndiye mtu wa kwanza kuicheza nafasi yake pale New York, hakurithi kwa mtu.

Swali langu ni hili: mtu wa namna hii anaachaje jukwaa anaenda kubeba beji ya polisi miaka 12, kuimba ndiyo basi tena? Alichoka, alisukumwa au ni njaa? Karibuni.

#2 Kipanga_wa_Temeke
Njaa mkuu, hakuna kingine. Broadway, yale majumba makubwa ya tamthilia pale New York, ni jina tu, mfukoni hamna kitu. Na huyu alikuwa staa kweli, alibeba tuzo ya Tony, ile ya tamthilia za jukwaani, kwa hiyo hiyo Chicago akiwa wakili Billy Flynn, lakini Tony hailipi kodi ya nyumba.

#3 Mama_Sitara
Kipanga, Tony alishinda ila siyo kwa Chicago. Alishinda 1969 kwa Promises, Promises, alikuwa Chuck Baxter, karani anayewaazima mabosi ufunguo wa nyumba yake wakapeleke vimada vyao ili na yeye apandishwe cheo. Hadithi imetoka kwenye filamu ya The Apartment, maandishi ya Neil Simon, muziki wa Burt Bacharach na mashairi ya Hal David. Ilikwenda maonyesho 1,281.

Kwa Chicago aliteuliwa tu, 1976, na mwaka ule Chicago iliteuliwa mara 11 ikatoka mikono mitupu maana A Chorus Line ilikomba tuzo 9. Ya mwigizaji bora wa kiume wa tamthilia ya muziki ikaenda kwa George Rose wa My Fair Lady.

#4 Kipanga_wa_Temeke
Tony ni Tony bi mkubwa. Njaa iko palepale.

#5 Mtoto_wa_Jersey
Mimi niko huku New Jersey na nimewahi kufanya kazi ya mavazi kwenye jumba moja la Broadway, kufua, kupiga pasi, kushona vifungo. Wengi mnaongelea hela lakini hamjui mwili unavyoliwa. Maonyesho ni 8 kwa wiki, siku mbili za wiki unacheza mchana na usiku tena. Kulikuwa na mzee mmoja, mwigizaji mkubwa tu, kati ya onyesho la mchana na la usiku alikuwa anakaa kwenye ngazi za nyuma ya jukwaa, taulo la moto shingoni, hazungumzi na mtu yeyote. Ukimuuliza suruali imekubana anakuandikia kwenye kidaftari, "hapana asante", anakiweka mfukoni. Yaani masaa yote yale anaitunza sauti kwa ajili ya saa 2 usiku. Mtu akifika miaka 50 na kitu akiambiwa kuna kazi ambayo ukikosea mnarudia hiyo shoti, ukipata mafua unacheza una mafua na hakuna atakayejua, kwa nini asiende? Orbach alipoanza Briscoe 1992 alikuwa anakaribia miaka 57.

#6 Mwalimu_Kombo
Naheshimu alichosema Mtoto wa Jersey ila naona mnamtazama mtu mmoja mmoja, tazameni soko. Baada ya 1980 Broadway ilitekwa na tamthilia kubwa kutoka London, Cats 1982, Les Misérables 1987, The Phantom of the Opera 1988. Hizo zinataka masauti ya juu na mitambo, watu wanaenda kuona kinara cha taa kinaanguka kutoka darini. Orbach alikuwa mwanaume wa aina nyingine, mjanja wa mjini, anaongea nusu anaimba nusu, anacheza na watazamaji kwa jicho tu. Nafasi za watu kama yeye ziliacha kuandikwa. Kwa hiyo yeye hakuacha jukwaa, jukwaa ndilo lilimuacha yeye.

#7 Kaka_Likoni
Mwalimu hapo sikubaliani nawe. 42nd Street ni ya kizamani kabisa, tap dansi na wasichana wa safu, na ilikwenda maonyesho 3,486 mpaka Januari 1989, sambamba na hizo za London. Watu walikuwa bado wanataka.

Alafu hamjataja usiku wa ufunguzi wa hiyo 42nd Street, tarehe 25 Agosti 1980 pale Winter Garden. Mwongozaji alikuwa Gower Champion na alifariki siku hiyohiyo hospitalini. Produsa David Merrick akazuia habari isitoke, waigizaji wenyewe hawajui, hata binti aliyekuwa nafasi kuu, Wanda Richert, ambaye ndiye alikuwa mpenzi wa Champion, hajui. Wakacheza onyesho zima. Watu wamesimama wanapiga makofi, Merrick anatoka stejini anashika kichwa anasema kuna msiba, watu wakacheka wakidhani ni vituko vyake vya kawaida, ndipo akatamka kwamba Champion amefariki leo. Jumba zima likanyamaza, waigizaji wanalia mbele ya watu na kamera zinawaka. Orbach ndiye aliyepiga kelele pazia lishushwe. Mimi nikisoma hiyo nasema huyu jamaa angeacha jukwaa usiku uleule ningemuelewa.

#8 Mpenda_Tamthilia
Duh! Sikuwa na habari hii kabisa. Asante Kaka Likoni. Hivi Merrick alifanya vile kwa nini?

#9 Kaka_Likoni
Wapo wanaosema matangazo, kesho yake magazeti yote ukurasa wa mbele. Yeye mwenyewe alikuwa na sifa hiyo ya kufanya lolote tiketi ziuzwe. Mimi sitaki kumhukumu sana marehemu, lakini kumuacha yule binti acheze bila kujua, aki hapana.

#10 Mama_Sitara
Sasa tazameni kitu hiki. Merrick ndiye produsa wa Carnival!, wa Promises, Promises na wa 42nd Street. Champion aliongoza Carnival! na 42nd Street. Dansi za Promises alipanga Michael Bennett. Chicago aliiongoza Bob Fosse. Yaani kazi yote kubwa ya Orbach pale Broadway ilipita kwenye mikono ya watu wanne. Champion kafa 1980, Bennett kafa Julai 1987, Fosse kafa Septemba 1987, na Merrick alipata kiharusi 1983 hakurudi kuwa yule wa zamani. Waliojua namna ya kumtumia huyu mtu waliondoka ndani ya miaka 7. Mwalimu Kombo anasema soko, Kipanga anasema njaa, mimi nasema alifiwa na watu wake. Muimbaji wa taarab akipoteza mtunzi wake anakuwaje? Sauti bado ipo, nyimbo za kumfaa ndiyo hakuna.

#11 Kipanga_wa_Temeke
Mama Sitara umetisha, nimekubali nusu. Nusu nyingine bado njaa 😂

#12 Jini_la_Mtaa_wa_Saba
Mbona mnakwepa? Huyu alikuwa na uhusiano na mafia. Rafiki yake alikuwa Joey Gallo, jambazi kabisa wa New York, na usiku alipopigwa risasi Orbach alikuwa naye mezani. Mnadhani mabosi wa Broadway walilipenda hilo?

#13 Mama_Sitara
Urafiki ni kweli, ila mezani hakuwepo. Ilikuwa hivi: 1971 Orbach alicheza kwenye filamu ya The Gang That Couldn't Shoot Straight, nafasi yake ilitokana na Gallo mwenyewe. Gallo alipotoka jela akamtafuta, wakazoeana, hata harusi ya Gallo Machi 1972 ilifungwa nyumbani kwa akina Orbach. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 1972, siku ya kuzaliwa ya Gallo, walikuwa wote klabu ya Copacabana. Baada ya hapo Gallo na familia yake wakaenda kula Umberto's Clam House mtaa wa Mulberry na huko ndiko alikouawa alfajiri. Orbach na mkewe hawakwenda.

Na kuhusu mabosi wa Broadway, miaka mitatu baadaye wakampa Chicago na miaka minane baadaye 42nd Street. Wangekuwa wamemsusa wasingempa.

#14 Jini_la_Mtaa_wa_Saba
Ila ukicheza polisi miaka 12 huku ulimjua jambazi kwa karibu hivyo, unajua vitu ambavyo mwigizaji mwingine hajui. Hapo lazima mnikubalie.

#15 Bwana_Mataa
Hapo nakuunga mkono. Na upolisi hakuuanzia Law & Order, watu wanasahau. Kwenye filamu ya Prince of the City ya Sidney Lumet, 1981, alicheza mpelelezi Gus Levy na ukiangalia leo unamuona Briscoe mtupu pale, hasira ileile. Halafu kuna Harry McGraw, mpelelezi wa kujitegemea kwenye tamthilia ya TV ya Murder, She Wrote, mpaka akapewa tamthilia yake kwenye stesheni ya CBS 1987 ikadumu msimu mmoja tu. Na 1991 alipita kwenye Law & Order yenyewe kama wakili wa utetezi kabla hawajampa upolisi. Kwa hiyo msiseme aliacha jukwaa siku moja akaibukia TV. Alihama taratibu, kila kazi inamsogeza kidogo.

#16 Nuru_ya_Jukwaa
Umetaja Murder, She Wrote, mbona hamumtaji staa wake, Angela Lansbury? Hadithi yao ni moja. Usiku uleule wa Tony 1969, Orbach anapata ya mwanaume, Lansbury anapata ya mwanamke kwa Dear World. Mama alikuwa na Tony 4 za tamthilia za muziki, naye akahamia TV 1984 akakaa miaka 12 vilevile mpaka 1996, dunia nzima ikamjua kama yule mama mwandishi anayefumbua mauaji. Na wote wawili ni wale vyombo vya jikoni kwenye katuni ya Beauty and the Beast ya 1991, yeye birika la chai Mrs. Potts, Orbach ni kinara cha mshumaa Lumière. Tofauti ni kwamba Lansbury alirudi jukwaani 2007 na 2009 akachukua Tony ya 5 akiwa na miaka 83. Mzee wetu hakupewa umri huo. Kwangu mimi TV ilikuwa nyumba ya kupanga, kwao palikuwa jukwaani, mmoja aliwahi kurudi.

#17 Mtoto_wa_Jersey
Hii ya Nuru imenigusa sana.

#18 Simba_wa_Mikumi
Subirini, yule mshumaa ni Briscoe??? Wanangu wameangalia ile katuni mpaka tumeichoka nyumba nzima na Law & Order nilikuwa naangalia mimi mwenyewe usiku, sijawahi kuunganisha sauti. Na lafudhi ile ya Kifaransa!

#19 Nuru_ya_Jukwaa
Ndiye huyohuyo, na aliimba ule wimbo wa karamu kwenye Oscar 1992, miezi michache kabla hajaanza Briscoe. Kwa hiyo alipokwenda kwenye upolisi koo lilikuwa zima kabisa, hoja ya kwamba sauti iliisha muiondoe.

#20 Bwana_Mataa
Kuna jambo kuhusu koo kwenye hii tamthilia. Aliyekuwa nafasi ile kabla yake ni Paul Sorvino, alicheza Phil Cerreta. Sorvino naye ni muimbaji, wa opera, na moja ya sababu zake za kuondoka ni kwamba ile tamthilia inapigwa mitaani New York, nje, baridi kali, masaa mengi, akaona sauti yake itaharibika. Muimbaji anakimbia baridi kuokoa koo, nafasi yake inachukuliwa na muimbaji mwingine ambaye anakaa kwenye baridi hiyohiyo miaka 12. Mimi ndiyo maana nasema Orbach aliamua kwa akili yake, alijua anachokiweka mezani.

#21 Mwalimu_Kombo
Hoja nzuri Bwana Mataa. Na ongeza kwamba Law & Order ilikuwa inapigwa New York na siyo Hollywood, studio zake zilikuwa Chelsea Piers. Mtu wa Broadway haendi kuishi Los Angeles, analala kitandani kwake, mke yuko palepale. Mkewe Elaine Cancilla alikuwa mcheza dansi wa Broadway, walijuana wakati wa Chicago wakaoana 1979, na huyu bwana kila asubuhi kabla ya kwenda kupiga picha alimuachia kishairi kidogo kwenye karatasi pembeni ya kahawa. Vishairi hivyo vilikuja kutolewa kitabu baada ya yeye kufariki. Mnauliza kwa nini alibaki kwenye TV, jibu lingine ni nyumbani.

#22 Kipanga_wa_Temeke
Sawa nyumbani, mapenzi, mashairi, yote mazuri. Lakini jamani marudio! Law & Order ilirudiwa stesheni ya A&E, ikaja TNT, inazunguka mchana na usiku, na mwigizaji wa TV Marekani analipwa kazi yake ikirudiwa. Jukwaani pazia likishuka umelipwa wiki yako imekwisha. The Fantasticks ilikwenda maonyesho 17,162 mpaka Januari 2002 kwenye kijumba cha viti kama 150, Orbach aliondoka ndani ya mwaka wa kwanza kwenda Carnival!, miaka mingine 40 wenzake wanaendelea na yeye hayumo. Hiyo ndiyo njaa ninayoisema, siyo njaa ya ugali.

#23 Mama_Sitara
Hapo sasa Kipanga umeongea jambo la maana tangu uzi uanze. Na siyo hela peke yake, ni kumbukumbu. The Fantasticks ilipokuja kuwa filamu hakuwemo. Chicago ilipokuwa filamu 2002 Billy Flynn akawa Richard Gere. Promises, Promises haijafanywa filamu kabisa. Kazi zake kubwa zote macho hayawezi kuzirudia.

#24 Mshona_Maneno
Naomba nirekebishe kidogo. Maktaba ya umma ya New York, tawi la sanaa za maonyesho pale Lincoln Center, ina hifadhi ya video za tamthilia iliyoanza 1970, wanarekodi maonyesho ya Broadway. Ila ukitaka kuangalia unaenda palepale kwa miadi, hutoki nayo na haipandishwi mtandaoni. Na sauti ipo, albamu za waigizaji wa kwanza za hizo tano zote zipo. Kwa hiyo siyo kwamba imepotea, ni kwamba imefungiwa.

#25 Mama_Sitara
Video unayoiona kwa miadi New York tu, mtu wa Tanga inamsaidia nini? Asante lakini, hilo la tarehe 1970 sikulijua.

#26 Msanii_Mstaafu
Nimesoma uzi wote kimya sasa niseme. Mimi nimecheza jukwaani Dar miaka mingi halafu nikachukuliwa kwenye tamthilia ya TV. Nyote mnaongea kana kwamba TV ni kushuka. Jukwaani nilikuwa napaza kila kitu mpaka mstari wa mwisho unisikie, siku ya kwanza mbele ya kamera mwongozaji akaniambia punguza, punguza tena, mpaka nikabaki na jicho tu. Ni kazi mpya kabisa na watu wengi wa jukwaani hawaiwezi. Orbach aliiweza. Yale maneno makali ya Briscoe juu ya maiti, sikilizeni anavyoyaweka, anasubiri nusu pumzi halafu analiachia lianguke. Hiyo ni mizani ya muziki, anaihesabu kichwani. Kwa hiyo mleta mada anasema haimbi tena, mimi namsikia anaimba kila epsodi. Kuna ile ya 1998 binti yake Briscoe anauawa, mtazameni uso tu.

#27 Mpenda_Tamthilia
Msanii nakushukuru sana, nitairudia hiyo epsodi kesho. Ila bado nauliza, kama yote hayo alikuwa nayo, si angeweza kufanya vyote viwili? Likizo ya TV miezi ya kiangazi angecheza jukwaani hata wiki chache.

#28 Daktari_Mwanza
Jibu la swali lako huenda liko kwenye afya. Aliishi na saratani ya tezi dume kwa miaka mingi huku akienda kazini, wenzake wengi hawakuambiwa. Marekani bima ya afya ya mwigizaji inapitia chama chake na inategemea umepata kazi kiasi gani mwaka ule. Mgonjwa wa saratani mwenye kazi ya uhakika ya TV haiachi, na muda wa likizo mwili unataka kupumzika. Aliondoka Law & Order 2004 akaingia ile mpya ya Trial by Jury, akapiga epsodi mbili tu za mwanzo, zikaonyeshwa Machi 2005 yeye keshazikwa. Wanaume wenzangu mliofika 50 mkapime, nawaomba.

#29 Mtoto_wa_Jersey
Daktari nakazia. Na macho yake aliyatoa msaada, kabla ya kufa alisema yachukuliwe, watu wawili wakaona kwa konea zake, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Alikuwa anajivunia kwamba haoni shida bila miwani katika umri ule. Kesho yake baada ya kifo majumba ya Broadway yalizima taa za mabango kumuaga. Broadway, siyo polisi. Kona ya mtaa wa 53 na barabara ya 8 kuna kibao, Jerry Orbach Way, ni mtaa aliokuwa anaishi.

#30 Jini_la_Mtaa_wa_Saba
Na Emmy, ile tuzo ya TV, je? Alipata?

#31 Bwana_Mataa
Hapana. Aliteuliwa kwa Briscoe mwaka 2000 hakushinda. Tuzo ya chama cha waigizaji wa filamu na TV alipewa 2005, amekwisha kufariki. Lansbury naye hakuwahi kushinda Emmy pamoja na kuteuliwa mara 18. Nuru ongeza hilo kwenye hadithi yako ya mapacha.

#32 Nuru_ya_Jukwaa
Nimeongeza 🙌 Halafu kuna mtu wa tatu hamjamtaja, Jesse L. Martin, Ed Green, mwenzake Briscoe kuanzia 1999. Huyu alikuwa Tom Collins wa kwanza kwenye tamthilia ya muziki ya Rent 1996, muimbaji mzito. Yaani gari moja la polisi lina waimbaji wawili wa Broadway wa vizazi viwili, na luteni wao S. Epatha Merkerson naye aliteuliwa Tony 1990 kwa The Piano Lesson. Na Martin wakati bado ni polisi wa TV akarudi kumcheza Collins kwenye filamu ya Rent 2005. Kwa hiyo swali la Mpenda la kufanya vyote viwili, kuna aliyeweza.

#33 Kipanga_wa_Temeke
Martin alikuwa kijana, hana miaka 57 wala ugonjwa. Na ile ni filamu, dada, siyo maonyesho 8 kwa wiki. Soma posti namba 5.

#34 Kaka_Likoni
Kipanga leo amegeuka wakili wa Mtoto wa Jersey, mambo! Nuru fungua uzi wa Jesse L. Martin peke yake, huyo ana mengi, na mimi nitaleta ya Rent.